Iko Masako

Gari yangu ya kwanza ilinidanganya siku ile ile niliyoinunua. Ilikuwa kamioneti, gari ndogo ya mizigo, ya mzungu mmoja muuza vitambaa, wakati wa uhuru, wazungu walipokuwa wakifunga masanduku na mji wetu wa Kisangani ukiitwa bado jina lingine. Alinionyesha sindano ya esanse, yaani mshale wa kipimo cha mafuta ya gari, akasema, “Unaona? Imejaa.” Kweli, sindano ilikuwa imelala upande wa kujaa. Nikapanda, nikawasha, nikapiga honi ili majirani wajue ni nani anayepita. Kabla ya kona ya soko gari ikakohoa, ikasimama. Wale wale waliosikia honi ndio walionisukuma mpaka nyumbani, na walicheka njia nzima.

Sindano ilikuwa imekwama. Tangi lijae, tangi likauke, yenyewe inasema imejaa. Fundi mmoja alitaka kuitengeneza, nikamwambia aache. Mimi sikukaa sana shuleni. Mapadri walinifukuza kabla sijamaliza kitabu cha kwanza, na kila kitu nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii. Nilikata ufito wa mwanzi, nikawa nauingiza kwenye mdomo wa tangi kuona umelowa mpaka wapi. Sikuandika lita. Lita ingenisaidia nini? Niliuchonga alama kwa majina ya mahali. Alama ya chini ilikuwa Soko. Juu yake Masako, kule msituni ng'ambo ya daraja la Tshopo, nilikokuwa nikichukua ndizi na makala, yaani makaa ya kupikia. Halafu Bengamisa, kwa mama mkwe. Ya juu kabisa ilikuwa Banalia, na hiyo niliiona kwa nadra. Na ujue kwamba kila alama ilikuwa ya kwenda tu. Kurudi ni hesabu nyingine.

Nyumbani ufito ukawa lugha. Bibi yangu, yaani mke wangu, alikuwa akiuliza kutoka jikoni, “Leo iko wapi?” Nami najibu, “Iko Soko,” au “Iko Bengamisa,” na akisikia Bengamisa anaanza kufunga kitambaa cha kichwa. Lakini alinicheka pia. “Mabibi wengine bwana zao wana gari,” alisema. “Wangu ana fimbo ya kukorogea.”

Bon. Ukaja uasi. Wapiganaji walichukua mji, na gari iliyokuwa inatembea ilikuwa yao. Yangu niliificha nyuma ya nyumba chini ya majani ya migomba, na bidoni moja, dumu la esanse, nikaifukia chini ya majivu ya jikoni. Gari ile ndiyo ilikuwa shamba langu na duka langu. Ikienda, ningerudi kuwa mpagazi wa bandarini, na mabega yangu yalikuwa hayataki tena.

Asubuhi moja nilikuwa nimetoka kupima kwa ufito, bado nimeushika, wakaingia uani wanne. Mkubwa wao alikuwa amevaa koti la mvua juani. Mwingine akaruka moja kwa moja kwenye usukani.

“Papa, gari ni ya nani?”

“Ni ya mimi.”

“Sasa iko ya mapinduzi. Esanse iko?”

Mdomo ukajibu kama ulivyozoea kumjibu bibi yangu. “Iko Masako.”

Yule wa usukani akapiga kelele kutoka ndani, “Chef, humu imejaa kabisa!”

Mkubwa akanishika bega kwa furaha. “Humu imejaa, na ingine iko Masako. Tonton, uko mutu muzuri. Panda, utatuonyesha pahali umeificha.”

Hapo ndipo nilipoelewa nilichosema. Bibi yangu alikuwa mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. Hakulia. Alinitazama mimi, akatazama majivu, akarudi ndani.

Tukavuka daraja. Dereva wao aliendesha kwa majivuno. Alisema zamani aliendesha trakta ya shamba la kahawa. Kila mara aliangalia sindano.

“Tonton, gari hii haikunywa. Sindano haishuki hata kidogo.”

“Ni gari ya adabu,” nikamwambia.

Huku napiga hesabu. Nikisema gari ina kiu tu, wataitafutia esanse kwa wenzao, na sitaiona tena. Wakigundua hakuna esanse iliyofichwa, mimi mwenyewe sitaonekana tena.

Tulipopita nyumba za kwanza za Masako gari ikakohoa. Kikohozi kile nilikijua. Ikasimama katikati ya njia, pale pale ufito ulipokuwa umesema. Dereva akafungua boneti, akavuta waya, akarudi kutazama sindano.

“Chef, esanse imejaa. Ni mota imekufa.”

Mimi nikatazama miti.

“Alors,” mkubwa akasema, “ile esanse yako iko wapi?”

“Ilikuwa Masako, chef. Sasa imeisha.”

“Nani ameimaliza?”

“Gari, chef.”

“Gari ya nani?”

“Ile iliyobeba wapiganaji.”

Akatema mate chini. “Wale wa mbele yetu! Kila pahali wanatutangulia.”

Sikusema uongo hata neno moja. Aliyesema uongo ni sindano, na hakuna aliyeishika shati.

Lori lao likapita likielekea Banalia, wakarukia juu. Mkubwa alichukua viatu vyangu, eti mchango wangu. “Tonton, baki na chuma yako,” akasema.

Nikabaki, miguu mitupu. Ningeweza kurudi nyumbani, lakini wapita njia walikuwa wanaangalia magurudumu yangu kwa jicho lisilo zuri. Nikalala ndani ya gari. Kesho yake, jua likiwa kali, nikaona mwanamke anakuja na kikapu kichwani, kitambaa amekifunga kama wa kwenda kwa mama yake. Katikati ya kikapu kulikuwa na bidoni yangu. Kando kando alikuwa amejaza pondu, majani ya muhogo, na juu ameweka samaki wa chumvi, makayabu, ili harufu ishindane na harufu.

“Ulijuaje?” nikamuuliza.

“Si ulisema Masako? Na gari bila esanse hawawezi kuibeba mgongoni.”

“Na mlinzi wa darajani?”

“Aliniuliza, mama, pondu inatoka msituni inakuja mjini, wewe unairudisha? Nikamwambia iko chungu, namrudishia aliyeniuzia.”

Tulimimina. Akanipokonya ufito, akauzamisha mwenyewe, akapitisha kidole kwenye alama.

“Iko Masako,” akasema. “Basi iko nyumbani.”

Mteremko wa daraja ulipokaribia nikazima mota, gari ikateleza kimya mpaka kwenye kizuizi. Bibi yangu akashuka, akaanza kusukuma huku akinung'unika kama mtu aliyesukuma tangu alfajiri. Mlinzi akachungulia ndani.

“Papa, mbona esanse imejaa?”

“Wenzako jana wamesema ni mota.”

Akaitazama sindano, akanihurumia. Akaning'iniza bunduki mgongoni na kusukuma pamoja na bibi yangu mpaka ng'ambo, na jasho likamtoka.

Tulipopotea machoni pake nikawasha. Nyumbani tuliipandisha juu ya mawe, tukafukia magurudumu, na kila mpiganaji aliyekuja baadaye alitazama sindano, akatikisa kichwa, akaenda zake. Sindano sikuwahi kuitengeneza. Na siku ile, tulipopita kona ya soko, honi sikuipiga.