Seva Iliyoniamkia Bila Mtandao

Nichekeni, lakini taratibu. Hapa Bariadi natengeneza programu za chama cha wakulima wa pamba. Juzi niliunda seva ndogo ya tovuti kwa Rust, lugha ya programu yenye kasi ya kutisha. Nikiita ukurasa, salamu yetu ya Kisukuma, "Mwangaluka!", inatokea kabla kidole hakijaacha kitufe. Nilibaki mdomo wazi. Nikawatangazia wakulima hadi Migato kwamba tuko hewani.

Jana asubuhi mvua ikakata intaneti ofisini. Nikajaribu tu kufungua ule ukurasa. "Mwangaluka!" Nikamwita bosi wetu, Mama Neema.

"Mama, njoo uone maajabu! Hii haihitaji hata intaneti!"

Akashangaa kweli. Akampigia mwenzetu wa Lamadi, ambako intaneti ilikuwepo, akamsomea anwani iliyo kwenye kioo cha kompyuta yangu.

"Haifunguki, mama," akajibu yule wa Lamadi.

Mama Neema akavaa miwani. "Hii 'localhost' ndiyo nini, mwanangu?"

Nikamjibu kwa madaha: "Ni jina ambalo kompyuta hutumia kujiita yen..."

"Endelea."

"Seva iko humu humu, mama. Haijatoka mezani."

"Kumbe tangu juzi unajiamkia mwenyewe!"