Mbwa wa Bi Nasma na Rangi Mbili

Bi Nasma wa kijiji cha Mitole hakuwahi kumgusa mbwa wake. Msishangae. Alimpenda, ila kwa mbali. Ugali alimrushia, maji alimmiminia kwenye bakuli lililotoboka ukingo, kisha akarudi zake nyuma. Tangu utotoni alifunzwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na yeye ni mtu asiyekosa swala.

Mbwa mwenyewe aliitwa Watasema, na kazi yake ilikuwa kulinda mihogo isiliwe na nguruwe pori. Mwaka huo maua ya mikorosho yalikuwa yamepigwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kwa hiyo mihogo hiyo ndiyo iliyobaki kumlisha mjane huyu na wajukuu zake.

Basi Watasema akaanza kukonda. Akaharisha, akakohoa, kubweka kukamshinda. Bi Nasma akafanya kama wafanyavyo wengi pale kijijini kila kitu kinapouma: akanunua rangi mbili, vile vidonge vya kapsuli. Yeye alivinywa kwa jino, shemeji yake Idd kwa mgongo. Safari hii akavificha ndani ya tonge la dagaa, akamtupia mbwa.

Mbwa akazidi kuharisha. Asubuhi moja hakuinuka kabisa, na kona nzima ya shamba ilikuwa imefukuliwa na nguruwe. Hapo ndipo Bi Nasma alipomwita Erasmo, bwana mifugo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwangalie, ananifia huyu."

Erasmo alichungulia fizi kwa mbali. Zilikuwa zimepauka kama muhogo uliomenywa. "Hii ni minyoo. Umempa dawa gani?"

"Rangi mbili."

Idd, aliyekuwa amesimama kando, akaangua kicheko. "Shemeji, si ndizo ulizonipa mimi za mgongo!"

Erasmo hakucheka. Alichuchumaa. "Mama, utumbo wa mbwa una wakazi wake. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, vingi kuliko siafu. Vingi ni vyema, vinasaidia kusaga chakula na kuwabana wabaya wasipate nafasi. Minyoo ikiingia inavuruga kijiji chote: wema wanapungua, wabaya wanatamba. Wataalamu wanachunguza kama vurugu hiyo inafika hata kwenye mapafu. Sasa rangi mbili haiui minyoo. Imewapiga walewale wema."

Bi Nasma akasema polepole, "Kwa hiyo nimemuua mimi."

"Hajafa. Dawa ya minyoo ninayo. Nani anamshika?"

Idd akarudi nyuma. "Mimi nimevaa kanzu ya Ijumaa."

"Leo Jumanne, baba."

Kila Erasmo aliposogea, Watasema alitoa meno. Bi Nasma akatazama ile kona iliyofukuliwa, akamtazama mbwa. Akakaza kanga, akapiga magoti, akamkumbatia shingo. Mbavu zikamchoma mkononi.

"Ya Rabi! Kumbe amekwisha hivi!"

Mbwa akatulia, akamlamba mpaka kwenye kiwiko.

"Shemeji! Najisi hiyo!"

"Nitajitwaharisha. Maji yapo, na udongo Mungu hakutunyima. Mwanangu, mpe dawa upesi."

Erasmo akampa. Akaagiza uji mwepesi na samaki kidogo kidogo, kinyesi kifukiwe, na wajukuu wasitembee pekupeku hapo. "Minyoo itatoka mapema," alisema, "lakini wale wakazi wema hawarudi kwa siku moja. Vumilia."

Akavumilia. Minyoo ilitoka, lakini mbwa aliendelea kuharisha na kukataa uji, na kila alfajiri Bi Nasma alizunguka shamba akipiga debe kufukuza nguruwe mpaka mikono ikafa ganzi. Idd akamshauri atafute mbwa mwingine. Yeye akaenda kukoroga uji mwingine. Taratibu uji ukaanza kuliwa, kinyesi kikaanza kushikana.

Kisha asubuhi moja akakuta nyayo za nguruwe. Zilikuja moja kwa moja hadi ukingoni mwa shamba, zikageuka ghafla, kwato zimechimbua mchanga kwa mbio. Watasema alikuwa amelala kando, anahema, masikio yamejaa matope.

Bi Nasma akaweka debe chini. Akachukua jembe na vipande vya miti ya mihogo, akaenda kuipanda upya ile kona.