Wakwe Zangu Wanataka Nikiri Kwamba Sikuoa

Bwana Mhariri, pamoja na wasomaji wote wa ukurasa huu, natoa salaam kwa heshima. Kusudi la barua hii ni kuweka mbele yenu shauri langu na wakwe zangu, ili mlikate. Jina langu tafadhali lifiche, maana gazeti hili husomwa hata dukani hapa Ibadakuli, na wapo wanaongoja nijiaibishe.

Mimi ni mtu wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa nchi ya Nyasa. Kiswahili nilijifundisha mwenyewe jeshini, kwa kunakili magazeti makuukuu. Wakati wa vita kikosi chetu kilipiga kambi Shinyanga, nikampenda msichana wa Kisukuma, naye akanipenda. Vita vilipokwisha nilirudi kwetu. Ndipo kaka yake akaniandikia kwa niaba yake: "Njoo, shemeji. Kwetu ni kwenu." Nilimuaga mama yangu, nikavuka mpaka, nikaja kukaa na mwenzangu kwao.

Katika kabila langu mwanamume aoapo huhamia kwa wazazi wa mke. Hatoi ng'ombe. Hujenga nyumba, hulima shamba la wakwe, na jasho lake ndilo ndoa yake. Nilitimiza yote. Nilijenga nyumba, nikalima pamba ya baba mkwe misimu kumi, na kila asubuhi nilimwamkia kwa kupiga goti. Majirani walicheka: "Mzee kapata maksai anayejua shikamoo!" Nilidhani ni utani wa kumkaribisha bwana harusi. Niliwaona wengine wakitoa ng'ombe, nikafikiri wanatoa kwa kuwa wanamhamisha binti. Mimi sikumhamisha mtu. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa Wasukuma asiyetoa ng'ombe hajaoa, na watoto wake ni wa baba wa mwanamke. Walinyamaza kwa kuwa pamba ilikuwa inapaliliwa.

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu wa kwanza shule. Nikakuta ameshaandikwa, kwa jina la babu yake. Mwalimu akasema, "Mzee alikuja juzi. Kasema mtoto ni wake." Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Baba mkwe alikuwa anakunywa maziwa, wala hakuweka kibuyu chini.

"Baba, mtoto yule ni wangu."

"Jembe lako tumeliona," akajibu. "Kwato hatujaziona."

Shemeji, yule aliyeniandikia barua, akaangua kicheko. "Na wewe Mnyasa si ulinieleza mwenyewe kwamba kwenu mwenye watoto ni mjomba? Haya, mjomba ndiye mimi! Unalilia nini?"

Ni kweli nilimweleza hivyo. Basi watu hawa hushika desturi yao pale inaponinyima, na desturi yangu nayo pale inaponinyima. Sijapata kuona jeuri kama hii.

Ng'ombe sikosi. Kila kiangazi nilifanya kazi mgodini Geita, nikawanunua mnadani Kahama, na sasa wamo zizini kwa rafiki yangu. Baba mkwe amekubali kuwapokea, ila kwa sharti: nisimame mbele ya wazee, nitamke kwamba miaka yote hii nilikaa na binti yake bila ndoa, na kwamba kulima kwangu kulikuwa shukrani ya chakula. Nikisema hayo, atanipa watoto wote watatu. Mimi, niliyeacha nchi yangu kwa ajili ya mwanamke huyu, nimwite hawara hadharani?

Nilimwambia mke wangu tufunge mizigo twende Nyasa. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha.

"Siendi, Baba Yohana, na watoto hawaendi. Yaseme tu hayo maneno. Wewe yatakuuma siku moja. Mimi nimeambiwa kisimani miaka kumi kwamba sijaolewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalima huku unaimba. Ningekuambiaje?"

Nilimkasirikia hata yeye, na tangu siku ile hatusemezani.

Wale watakaoniandikia nivumilie, wasipoteze wino wao. Nimevumilia misimu kumi. Wazee watakaa pamba ikishauzwa. Nisimame niseme sikuoa, niwapate watoto wangu. Au nikatae, nirudi Nyasa peke yangu? Naomba mkate shauri.