Nkasiogi na Nyumba ya Sinyati

Niseme mapema kwamba jambo hili linaniudhi, msije mkafikiri nalisimulia kwa utulivu. Bibi yangu Nkasiogi ndiye aliyelisimulia kwa utulivu, huku akimenya ndizi. Mimi sikujaliwa moyo huo.

Aliishi upande wa Lemara, enzi za Mjerumani, miaka michache baada ya ile ngome yao kujengwa mjini. Kazi yake ilikuwa kuuguza watu wasiotarajiwa kupona. Aliitwa, akaenda na kibuyu cha mafuta ya kondoo na matambara yake, akakaa na mgonjwa mpaka mwisho. Kuosha na kugeuza wagonjwa alijifunza misheni, kwa mama mmoja wa Kijerumani. Mengine alijifundisha mwenyewe: kumlowesha midomo asiyeweza kumeza, kumlaza ubavu anayekoroma, kuwapa ndugu kazi ya kufanya ili wasisongamane mlangoni na vilio vyao. Watu wa misheni walitaka awahubirie wagonjwa pia. Akawajibu kwamba mwenye vidonda vya mgongo anataka kugeuzwa kwanza. Walinuna kidogo, kisha wakamwacha.

Sasa, siku hizo huku kwetu mtu hakuachwa afie ndani. Nyumba iliyofiwa ilihesabiwa imeharibika. Haikulalika tena, ilibomolewa na vyungu vyake vikavunjwa. Kwa hiyo mgonjwa akikaribia kukata roho alibebwa nje ya boma, akalazwa kichakani, akasubiri huko. Mama yake Nkasiogi alitolewa hivyo, mwaka wa njaa kubwa, na binti yake akazuiwa kumfuata.

Ndiyo maana neno la bibi lilikuwa zito kuliko dawa yoyote. Ndugu walimwuliza, "Imefika?" Akisema imefika, wanaume waliingia na ngozi ya ng'ombe, wakambeba mgonjwa. Bibi alitoka pamoja naye, akakaa naye huko nje mpaka yaishe, mvua au jua. Hakuna aliyemlazimisha. Wengine walimwona ana wazimu, lakini walizidi kumwita.

Masika moja akaitwa kwa Sinyati, mjane mwenye uvimbe tumboni. Alikaa na mwanawe Lerionka na mkwewe Nashipae, ambaye alikuwa amejifungua juzijuzi tu, mtoto kitovu hakijadondoka. Nyumba ilikuwa moja hiyo. Sinyati mwenyewe ndiye aliyeikandika udongo na samadi alipokuja kama bibi harusi, na watoto wake wote aliwazalia humo.

Bibi alipokuwa akimpaka mafuta, Sinyati akamshika mkono.

"Mvua hii siiwezi, Nkasiogi. Ikifika, usiwaambie."

"Na mkweo? Watalala wapi na kile kichanga?"

"Najua," akasema Sinyati, akaanza kulia.

Msimwone mbinafsi. Alimpenda yule mtoto, alikuwa akiomba aletewe amnuse kichwa. Alikuwa anaogopa, basi. Na kujenga mwaka ule haikuwa mchezo, kwa sababu Mjerumani alikuwa amewakusanya wanaume kwenda kuchimba barabara yake, na waliobaki hawakutosha hata kukata nguzo. Bibi hakuahidi kitu. Alisema tu, "Tutaona," akaendelea kupaka mafuta. Kwa siku zilizofuata moyo wake haukutulia. Aliniambia hata chakula kilimshinda, na bibi yangu si mtu wa kushindwa na chakula.

Siku ikafika, mchana, mvua ikimwagika. Pumzi ya Sinyati ilikuwa inakatika na kurudi. Nashipae aliinuka pale jikoni na mtoto wake kifuani, akaingiza mkono chini ya ngozi aliyojifunika Sinyati, akagusa miguu ya mama mkwe. Ilikuwa ya baridi mpaka magotini. Alimtazama bibi, bibi akamtazama.

Lerionka akaja mlangoni, maji yakimchuruzika. Nyuma yake walisimama majirani wawili wameshika ngozi. Aliuliza huku ameangalia chini, kwa aibu, maana aliyelala pale ni mama yake.

"Yeyo Nkasiogi, mama, imefika?"

Bibi alimwangalia Nashipae, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake na mtoto ni wake. Nashipae akaivuta ile ngozi ya kujifunika, akaifunika miguu ya mama mkwe vizuri, akaikunjia chini ya visigino. Kisha akarudi jikoni, akasukuma kuni motoni.

"Bado," akasema bibi. "Nendeni kwa jirani mkajikaushe."

Sinyati alisikia. Alifumba macho, uso ukalegea. Alifariki kabla mvua haijakatika, mkono wake mmoja umelala juu ya mtoto, ambaye Nashipae alikuwa amemlaza ubavuni pake.

Wazee walikuja juu. Nyumba ikabomolewa siku iyo hiyo, vyungu vikavunjwa, na Nashipae akasimama chini ya migomba na kichanga chake, hana pa kuingia. Hakuna jirani aliyetaka kumpokea kabla hajatakaswa. Mtoto alikuwa anakohoa. Ndipo mzee mmoja akamgeukia Nashipae. Alikuwemo ndani, je, alijua? Kila mtu pale alielewa maana ya swali hilo. Mke aliyeiharibu nyumba ya mumewe kwa kusudi angerudishwa kwa baba yake, na mtoto asingekwenda naye.

Nashipae alimtazama bibi yangu usoni.

"Sikujua. Alitudanganya," akasema.

Mimi hapo ningepiga kelele! Ningesema habari ya miguu, ningesema habari ya ngozi, ningewaonyesha mkono wenyewe ulioifunika. Bibi alisema, "Ndiyo. Niliwadanganya wote." Akaokota matambara yake matopeni, akaenda zake. Lerionka alimtupia maneno ambayo bibi alikataa kunisimulia.

Nilimwuliza kama hakumchukia yule mwanamke. Akaniuliza kama nimewahi kunyonyesha. Nikasema sijawahi. "Basi nyamaza," akasema.

Kwamba aliitwa mwongo, hilo halikumkondesha. Mtoto alipona, nao wakajengewa kibanda. Kilichomliza ni kwamba tangu siku ile hakuna boma la upande ule lililomwita tena, na wagonjwa waliendelea kutolewa. Mwaka uliofuata alisikia kuwa mzee mmoja aliyekuwa akimfahamu amebebwa nje. Alichukua kibuyu chake, akatoka mbio. Wana wa yule mzee walikuwa wamesimama njiani, wakamrudisha. Aliwasihi wamruhusu akae naye tu, asiguse kitu, asiseme neno. Walikataa, na mzee alifia kichakani peke yake.