Taa ya Kinyonga Iliyohamia Koridoni

Kwa karibu miezi mitatu nilimlaumu kila mtu isipokuwa aliyehusika. Niliulaumu umeme wa Tabora, nikawalaumu panzi, nikamlaumu mama mmoja wa Dar es Salaam ambaye hata sura yake siijui.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nimepanga vyumba viwili mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene za udongo na vidirisha vidogo, nyumba ya enzi ambazo wapagazi walipumzika mjini hapa kabla ya kuendelea na safari. Waliojenga nyumba hizi walikuwa wanalikimbia jua, na walifanikiwa. Ndani kuna ubaridi mzuri, ila hata saa sita mchana ukitaka kusahihisha madaftari inabidi uwashe taa.

Kinyonga hakuwa wangu. Mdogo wangu wa kiume, anayesomea mambo ya wanyamapori, alimwokota shambani kwa wazazi wetu akiwa amekatwa mguu mmoja wa nyuma na jembe. Alimuuguza, akamwombea kibali cha kumtunza kwa sababu porini asingeweza tena kupanda mti, kisha akapata nafasi ya kwenda kusoma nje. Akaniletea na kizimba chake cha wavu.

"Dada, ni wewe peke yako usiyemwogopa," alisema.

Juu ya kizimba kulikuwa na taa ya tyubu, fupi kama zile za kwenye maduka. Alinikalisha kitandani akanieleza kama mwalimu, mimi nikawa mwanafunzi. Hii siyo taa ya kuonea, alisema, hili ndilo jua lake. Inatoa mionzi ya UVB ambayo macho yetu hayaioni, na bila mionzi hiyo kinyonga anaweza kulishwa chokaa kila siku na mwili usiitumie, mifupa ikalainika. Halafu akasema jambo ambalo lilikuja kunitesa.

"Mionzi inaisha kabla ya mwanga kuisha. Itakuwa inawaka vizuri tu, na imeshakufa. Andika tarehe uliyoifunga. Mwaka ukifika, badilisha, hata kama inawaka."

Nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ncha ya tyubu, na nyingine kwenye daftari. Ilipofika wakati wa kubadilisha, niliagiza mpya kwa mama mmoja wa Dar anayeuza vifaa vya wafuga samaki na kasa, nikaifunga mwenyewe, nikaandika tarehe upya. Nilijiona mtu makini.

Mama mwenye nyumba, mjane wa zaidi ya miaka sabini, alikuwa ameniwekea sharti moja tu. Huyo mdudu asivuke mlango wa chumba changu kuja koridoni. Yeye alikuwa akiketi koridoni mchana kutwa akichambua mchele au akibangua karanga, na kila nilipofungua mlango alikuwa akivuta kanga yake miguuni. Sikubishana naye. Watu wengi wa huku wanamwogopa kinyonga kuliko nyoka.

Miezi kama minne baada ya kuifunga tyubu mpya, kinyonga akaanza kubadilika. Kwanza ulimi. Alikuwa akimlenga panzi aliye karibu kabisa, ulimi unatoka nusu na kuanguka, kama kamba iliyolegea. Kisha vidole vikashindwa kushika tawi. Jioni moja nilirudi kutoka shule nikamkuta chini ya kizimba, na mguu wake wa mbele umepinda katikati ya mfupa, mahali ambapo hapana kiungo.

Nilifanya yote niliyoyajua. Nilisaga maganda ya mayai nikawapaka panzi. Nilimnywesha maji kwa bomba la sindano. Nilisogeza kizimba kwenye dirisha lenye kioo apate jua la asubuhi, na nilifanya hivyo kwa wiki mbili nzima kabla sijakumbuka kwamba kioo kinazuia mionzi ileile anayoihitaji. Mwalimu wa baiolojia! Nilijikasirikia mpaka nikashindwa kula.

Nikampigia mdogo wangu.

"Taa je?" aliuliza.

"Taa ina miezi saba. Ninayo tarehe hapa kwenye daftari."

"Umeipima?"

"Kwa kitu gani, kwa macho?"

Akasema atamtuma rafiki yake anayerudi nyumbani aniletee kipimo. Kilikuja baada ya wiki tatu, kidude cha kushika mkononi chenye kioo kidogo cha namba. Nilikishika pale kinyonga anapokaa. Mdogo wangu alikuwa amesema nisome kama tatu hivi. Kiliandika sifuri.

Nilikizima nikakiwasha. Sifuri. Nikatoka nacho uani, jua la saa nne likiwaka, kikaandika nane. Nikarudi ndani. Sifuri. Kipimo kilikuwa kizima, taa ndiyo iliyokuwa bure.

Hapo ndipo nilipompigia yule mama wa Dar. Sikumsalimu vizuri. Nilimwambia ameniuzia taa ya kawaida, kwamba ni tapeli, kwamba kuna kiumbe kinakufa kwa sababu yake. Alijaribu kusema, "Mwalimu, hebu soma maandishi kwenye tyubu," nikakata simu.

Lakini lile neno lilibaki kichwani. Nikapanda kwenye kiti, nikaifungua tyubu, nikaizungusha. Hapakuwa na maandishi ya mionzi. Hapakuwa na tarehe yangu pia. Ncha zote mbili zilikuwa safi kabisa.

Nilikaa na ile tyubu mapajani nikijiuliza kama nimerukwa na akili. Daftari lilikuwa na tarehe, na miezi yote hiyo nilikuwa nikiangalia daftari. Sikuwa nimeitazama taa yenyewe hata mara moja.

Nilitoka kwenda kunawa uso. Mama mwenye nyumba alikuwa mahali pake koridoni, na juu yake ilikuwa inawaka ile taa ya ukutani isiyozimwa usiku wala mchana. Sijui ni nini kilichonifanya nitazame juu. Kwenye ncha ya tyubu palikuwa na mwandiko wangu.

"Mama," nilisema, "hii taa nani aliifunga?"

"Fundi. Ile siku umeme ulipotusumbua, wewe ukiwa shuleni. Ya hapa iliungua. Si nilimpa ufunguo wako wa akiba aangalie na kwako?"

Fundi mwenyewe, mtu mzima mwenye duka la vifaa vya umeme mtaa wa Mtendeni, alikuja siku hiyohiyo nilipomwita. Hakukana. Alisema alikuwa na tyubu moja tu mpya kwenye mfuko wake wa vifaa, na ile ya kwangu ilikuwa na mwanga wa rangi nzuri, akaona huku koridoni wanapita watu wengi ndiko inakofaa. Ya kawaida akamfungia mdudu.

"Lakini nilikuachia taa inayowaka, madam," alisema. "Choki nzima, stata nzima, vyote vya kuwashia tyubu nilivikagua. Tatizo liko wapi?"

Nilimweleza. Nilimweleza tena. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Taa ni taa, madam." Jua la kinyonga lilikuwa limekaa kama miezi mitano juu ya ndoo za maji na viatu vya wapangaji.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesikia yote akiendelea kubangua karanga. Fundi alipoondoka akauliza, "Kwa hiyo siku zote hizi mimi ndiye niliyekuwa naota jua la kinyonga?"

Nilijua ananitania ili nipoe. Sikupoa. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Niliipima tyubu ya koridoni, haikufika hata moja. Kuwaka bila kupumzika kulikuwa kumeimaliza. Ilibidi niagize nyingine, na mtu wa kumwagiza alikuwa yuleyule niliyemwita tapeli. Nilikaa siku nzima nikiiahirisha ile simu. Nilipopiga, nilianza na shikamoo, kisha nikamweleza yote bila kujitetea. Alicheka kidogo, akasema, "Marahaba. Nami ningekuwa na mgonjwa ningefoka. Nakutumia kesho."

Aliyepokea mzigo kituoni Dar akaupakia kwenye basi la Mwanza badala ya la Tabora. Kondakta alipogundua walikuwa wameshafika Igunga, akauacha kwenye banda la muuza vocha na kunipigia kama vile amenifanyia hisani.

Siku mbili za kungojea Jumamosi niufuate, jua pekee lililobaki lilikuwa la uani. Nilimfuata mama mwenye nyumba asubuhi.

"Mwangaluka, mama," nilimsalimu, nikijua anapenda Kinyamwezi. "Naomba kinyonga avuke mlango. Saa moja tu, ndani ya kizimba."

Alivuta kanga yake miguuni. "Mimi nitakuwa jikoni nimefunga mlango," alisema. "Ukimaliza uniite." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Ufunguo wako ule, uchukue. Sikupaswa kuutoa."

Niliketi kando ya kizimba nikifukuza kunguru kwa ufagio. Kinyonga aligeuka karibu mweusi upande ulioelekea jua, akajibapa kama jani, akafumba macho. Nilimwonea huruma, na hasira zikanirudia. Jua lote hili, bure, na sisi ndani tunahangaika na tyubu.

Jumamosi nilipanda basi mpaka Nzega, nikaunganisha mpaka Igunga. Tyubu ilikuwa imesimamishwa nyuma ya banda, kati ya magunia ya mchele, ndani ya bomba la plastiki alilolifunga yule mama wa Dar kwa vitambaa. Niliifungua hapohapo barabarani, malori yakinipitia. Ilikuwa nzima. Nilirudi nimeipakata safari nzima, na kila basi liliporuka tuta nilifumba macho.

Niliifunga mwenyewe. Nilishika kipimo pale tawini kikaandika tatu kasoro. Nikasoma mara tano.

Wiki ya nne ulimi ulianza kufika. Alimkosa panzi wa kwanza, akamkosa wa pili, wa tatu akampata. Vidole vimerudi kushika, ila mguu wa mbele haukunyooka wala hautanyooka. Sasa ni kinyonga mwenye miguu miwili mizima, anapanda kwa kuburuta ubavu, na nikimtazama akipanda tawi ninalojua urefu wake, huwa natamani kumsukuma. Sasa napima kila Jumamosi, na kabla ya kupima nasoma maandishi ya kwenye tyubu.

Nilimtumia mdogo wangu picha. Alinijibu dakika hiyohiyo, "Hongera dada! Nilijua utaweza." Na alama tatu za makofi. Hakusema atarudi lini kumchukua.

Niliusoma ujumbe nikiwa nimesimama, bomba la sindano mkononi, panzi wawili wametoroka chini ya kitanda. Nikaiweka simu kifudifudi mezani. Sikumjibu mpaka kesho yake.