Laini Moja Iliyobaki Wazi

Mkiniona siku hizi napita mlango wa nyuma kazini, msiulize. Nasema mwenyewe.

Kituo chetu cha setilaiti, karibu na Mambrui, kina kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya: moja chini ya antena, nyingine ofisini. Kiini cha mfumo wa kila kompyuta kinajua kila laini iliyo wazi baina yao na itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayotumika, lakini sisi tulikuwa hatuoni kitu. Mimi ndiye niliyetunga programu ya kuzitoa habari hizo kwenye skrini, na nikatamba nayo kweli kweli.

Ijumaa adhuhuri wenzangu walifunga kazi zao wakenda msikitini. Nikabaki peke yangu ofisini, Mgiriama wa Ganda na programu yake. Nikaiendesha kwenye kompyuta ya antena. Laini moja wazi! Tena kwa itifaki ile ya kuingia kompyuta ya antena kutoka mbali na kuiamrisha utakavyo. Nikachungulia tena, huyo mdukuzi bado yumo. Kila nikichungulia, yumo. Jasho likanitoka.

Waliporudi nikamdaka mkuu wetu, Mzee Athmani, mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Tumeingiliwa!"

"Marahaba. Yarabi! Na setilaiti yapita sasa hivi. Akiigeuza antena je?"

"Namkata mbele yenu."

Wote wakanizunguka. Nikaandika amri ya kuikata laini ile, nikabonyeza.

Skrini yangu ikaganda.

Mzee Athmani akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kazungu, mwanangu," akasema taratibu, "wewe ukiwa hapa ofisini, kompyuta ya antena uliingiaje?"