Mpimaji na Pakiti Arobaini

"Amekiri mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba anabahatisha," fundi cherehani alisema huku ameuma pini. "Miaka kumi na tisa kiwanda kinamlisha mbahatishaji! Mimi nikikukatia gauni 'kati ya hapa na hapa', utalivaa?"

Mama mtoto alicheka kidogo, kwa adabu tu, akachukua blauzi yake. Lakini yale maneno hayakumtoka akilini. Huyo aliyesemwa, mpimaji wa kiwanda, alikuwa jirani yake mlango wa pili, na kazi yake ilikuwa kupima unga wa watoto, uleule aliomkorogea mwanawe kila asubuhi.

Alimkuta kwenye korido amekalia ndoo, wiki ya pili bila kazi, ndevu zimejiotea ovyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Umetoka kwa redio yetu? Leo imetangaza nini?"

"Eti unabahatisha."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia huruma mama mtoto. Akamsimulia polepole. Alikuwa amechukua pakiti arobaini kwa kura, ili mkono wake usichague. Kila moja iliandikwa gramu elfu moja. Wastani wa zile arobaini ukawa mia tisa themanini na moja. Basi akaandika kwenye ripoti: wastani wa pakiti zote za mwezi ule uko kati ya gramu mia tisa sabini na tano na mia tisa themanini na saba, kwa uhakika wa asilimia tisini na tano.

"Kwa hiyo katika pakiti mia, tisini na tano zina uzito huo?"

"Ndivyo alivyosoma meneja! Akapima moja, mia tisa na hamsini. Nyingine, elfu na tano. Akazibwaga mezani: 'Mbona ziko nje?' Pakiti moja moja zitapanda na kushuka, mwanangu. Mimi nilikuwa nautafuta wastani wa zote."

Akachomoa kibanio cha nguo kwenye kamba, akakiweka sakafuni. Akatoa mpira wa mduara unaoziba mfuniko wa ndoo.

"Kibanio ndio wastani wa kweli. Hausogei, ila hatuuoni. Mpira ni hesabu yangu. Nikichukua pakiti arobaini nyingine, utaangukia huku kidogo au kule kidogo. Kwa ninavyourusha, katika mara mia utakizunguka kibanio kama mara tisini na tano. Huu niliokwisha kuurusha, ama umekizunguka ama umekikosa. Siwezi kukuapia."

"Na ukawaambia hivyo?"

"Hivyohivyo, mbele ya kikao. Meneja akauliza, 'Kwa hiyo njia yako hukosea mara tano katika mia?' Nikasema ndiyo. Akamgeukia karani: 'Andika, amekiri.'"

"Si ungenyamaza kidogo, baba?"

"Aliniuliza. Na yeye na elfu moja yake, hukosea mara ngapi? Hakuna aliyemuuliza."

Mtoto, aliyekuwa akitambaa miguuni pao, alikuwa ameshakitia kibanio mdomoni. Mama yake akakitoa, akampangusa mate, akaketi na kumpakata. Aliwaza jinsi pakiti ilivyokuwa ikiisha kabla ya Jumamosi, naye akiikung'uta na kujilaumu kwamba labda ana mkono mzito, anaharibu unga. Miezi yote hiyo alijilaumu peke yake.

Mpimaji akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa barua aliyoianza, na haikuwa na kitu zaidi ya tarehe. Kiwanda kilikuwa kimempa mpaka kesho saa sita mchana: apeleke barua kwamba alikosea, kwamba wastani ni gramu elfu moja kamili, arudi kwenye mizani yake. Asipopeleka, asirudi tena.

Ndani, mke wake alikuwa akipanga sufuria kwa kishindo.

"Unamsikia? Tangu juzi kanipa mgongo. Anasema hiyo 'kati ya' yangu nikaipike, tuone kama itaiva."

"Na wewe unasemaje, baba?"

Mpimaji aliitazama mizani ndogo ya jikoni iliyokuwa dirishani, kisha akaipa kisogo.

"Nimeshika kalamu tangu asubuhi. Nikiifikiria hiyo elfu moja mkono unagoma." Akamwekea kalamu na karatasi pajani, kando ya mguu wa mtoto. "Wewe una mwandiko mzuri, binti yangu. Niandikie. Niandikie hiyo elfu moja, mimi nitatia sahihi."